Alama Arobaini na Sita

Haya nilisimuliwa na mke wa Fundi mwenyewe, mwaka juzi, siku tuliyokaa pamoja kwenye benchi la kliniki ya macho. Mimi nilipeleka mtoto wa jicho, yeye alimsindikiza mumewe. Namba yangu ilikuwa sitini na tatu, kwa hiyo muda tulikuwa nao. Yale ambayo hakuyaona alihadithiwa na mumewe, na mume alikuwa amekaa hapo hapo ubavuni, akitikisa kichwa kila mkewe alipopatia.

Ujumbe ulifika Ijumaa saa kumi na moja jioni, mke akianika nguo za watu, maana kazi yake ilikuwa kuwafulia wenye nafasi. Fundi aliusoma kimya, akausoma tena kwa sauti: "Mwanachuo ambaye hatakuwa amemaliza ada ifikapo Jumatatu saa mbili asubuhi hatakaguliwa darasani."

"Si walisema mwisho wa mwezi?" mke akauliza, vibanio viwili vikiwa mdomoni.

"Walisema. Sasa wanasema Jumatatu."

"Na wewe mkaguzi wako anakuja lini?"

"Jumatatu hiyo hiyo. Saa nne."

Mke akavitoa vibanio mdomoni. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mumewe alikuwa na miaka arobaini na mmoja, kumi na minane kati ya hiyo ameitumia kuchomelea mageti na madirisha ya watu, na sasa alikuwa mwaka wa pili, wa mwisho, katika chuo cha ualimu. Zilibaki wiki mbili tu za mazoezi ya kufundisha, darasa la tano, katika shule ya mtaa wa pili. Bila mkaguzi hakuna cheti, na bila cheti hakuna ajira. Na ada iliyobaki ilikuwa elfu sitini.

Ndani hakukuwa na kitu cha kuuza tena. Mashine ya kuchomelea ndiyo iliyotangulia, ikalipa mwaka wa kwanza. Likafuata kabati, ikafuata redio, kikafuata kitanda cha watoto. Watoto watatu wakalala chini, wakaambiwa kwamba chini kuna ubaridi mzuri. Kifungua mimba, msichana wa kidato cha pili, alijibu, "Mama, basi na nyinyi shukeni mje mle ubaridi." Alipigwa kibao cha utani, lakini mama yake usiku huo hakucheka.

"Mpigie kaka yako," Fundi akasema.

"Mpigie wewe. Mimi nimeshapiga mpaka akiona namba yangu anajua ni njaa."

Akapiga. Shemeji mtu alikuwa na sauti kubwa, simu ikasikika chumba kizima.

"Shemeji, sikukatai. Lakini hebu niambie kiume: mtu mzima mwenye ufundi wake mkononi, unauza mashine ukakae dawati moja na watoto wadogo, kisha sisi tuliobaki kazini tukulipie?"

"Mimi sikai dawatini, shemeji. Nasimama mbele."

"Unasimama mbele na mfuko mtupu! Elimu haina mwisho, wanasema. Kweli, lakini pesa zina mwisho. Msalimie dada yangu. Mwambie ndoo yake ya kufulia aishike vizuri, ndiyo mume aliyebaki naye."

Akacheka, akakata. Fundi akaiweka simu juu ya meza taratibu, kama yai. Mke akachukua vibanio akarudi kwenye kamba. Haukupita muda akasikia mumewe anasema nyuma yake, "Mwenye duka la saruji bado hajapata fundi wa madirisha."

"Wewe si umeacha kuchomelea?"

"Nimeacha. Nitaacha tena Jumatatu."

Mwenye duka alikuwa anajenga chumba cha kuhifadhia mali. Alitaka nondo za madirisha sita na mlango mmoja, kazi imalizike Jumapili jioni, kwa sababu Jumatatu mzigo wake wa mabati unaingia. Mafundi wawili walikuwa wameshamwambia haiwezekani.

"Na wewe utawezaje, Mwalimu?" akauliza, na neno "mwalimu" akalitamka kama mtu anayetema kokwa.

"Vyuma vyako, vijiti vya kuchomelea vyako. Mikono yangu. Elfu themanini."

"Sitini."

"Sabini."

"Sitini na tano, na unywe maji yangu bure."

Fundi akapiga hesabu. Kukodi mashine siku moja ni elfu tano. Zinabaki sitini kamili. Akashika mkono wa mwenye duka.

Jumamosi yote alikata nondo kwa msumeno wa mkono, ili asikodi mashine siku mbili. Alikata, akanyoosha, akapanga dirisha moja moja chini, mpaka kiganja kilichokuwa kimezoea chaki kikachubuka. Jioni akaenda kwa Bomba.

Bomba ndiye aliyeinunua mashine yake. Zamani walikuwa wakichomelea pamoja, Fundi akishika kazi ngumu, Bomba akisugua kutu. Sasa Bomba alikuwa na karakana, vibarua wanne, na tumbo. Mashine ilikuwa pembeni, bado ina ule mkwaruzo ambao Fundi aliufanya mwenyewe alipoiangusha mwaka alioinunua.

"Aa, Mwalimu Cheche!" Bomba akapaza sauti. Hilo ndilo jina watoto wa shule walilompa, likavuka ukuta likafika karakana. "Umekuja kutufundisha, au umekuja kumwona mtalaka wako?"

"Nimekuja kumkodi. Kesho tu."

"Elfu tano. Na unilipe kabla. Unajua tena, walimu na madeni."

Vibarua wakacheka. Fundi naye akacheka, kwa sababu asingecheka ingekuwa neno. Akatoa elfu tano ambayo mkewe alikuwa ameiweka kwa ajili ya unga. Akaomba na kofia ya kuchomelea, ile yenye kioo cheusi.

"Kofia ipo kazini," akasema Bomba. "Kibarua wangu anayo mpaka kesho saa saba mchana. Akimaliza nitakuletea mwenyewe, wallahi."

"Na asubuhi nifanyeje?"

"Asubuhi wewe shikiza tu. Kushikiza nako kunataka kofia? Fumba macho kama zamani."

Hapo ndipo mke wa Fundi alipoinua kidole pale kwenye benchi la kliniki, akaniambia: "Bibi, sikiliza hapa." Fundi wa kuchomelea akitaka kuunga vyuma haanzi kwa kuchomelea moja kwa moja. Kwanza hushikiza: anagusa hapa nukta, pale nukta, kama mshonaji anavyopiga bandi kabla ya kushona. Nukta moja ni kufumba na kufumbua. Ndiyo maana mafundi wengi huidharau. Hugeuza uso, hufumba macho, hugusa, tayari. Ukimwambia avae kofia kwa ajili ya nukta atakuona wa kuja.

Jumapili asubuhi Fundi akashikiza madirisha sita na mlango. Kila dirisha lilikuwa na nukta thelathini na kitu. Huwezi kufumba macho kila mara kwa wakati. Mara nyingine jicho hufumba mwanga ukiwa umeshaingia. Alipofika dirisha la tatu alianza kuona kidoa cha kijani kila anapotazama, akakipuuza. Saa saba kofia ikaja kweli, akaivaa, akamalizia kazi nzima akiwa salama kabisa, na mikono yake haikuwa imesahau kitu. Bomba mwenyewe alisimama akaangalia mistari ya chuma jinsi ilivyolala, akasema, "Huyu mtu ni mjinga. Mikono hii unaenda kuipaka chaki?"

Mwenye duka alikuja saa kumi na mbili. Akatikisa kila dirisha. Akatikisa mlango. Akakosa pa kushika, akashika rangi.

"Mbona hujapaka rangi ya kuzuia kutu?"

"Hatukusema rangi."

"Dirisha bila rangi ni dirisha? Haya, natoa kumi ya mtu wa kupaka. Hamsini na tano, na ukihesabu maji uliyokunywa ni kama sitini kamili."

"Mzee, nina shida ya kesho asubuhi."

"Nani hana shida ya kesho asubuhi?"

Fundi akazipokea hamsini na tano; ile elfu tano ya unga ilikuwa imeshaliwa na mashine. Alimkuta mkewe mlangoni, akamwekea mkononi. Mke akahesabu kwa kidole gumba. Wala hakuingia ndani. Akajifunga kanga ya pili akaenda kwa mama mmoja anayemfulia, kuomba malipo ya wiki inayokuja.

Mama yule alikuwa mezani anakula. Hakumkaribisha kiti.

"Nikulipe nguo ambazo hata sijazichafua?"

"Nisaidie, dada. Ni ada ya baba watoto."

"Baba watoto ana ada! Mimi nilidhani watoto ndio wana ada." Akafuta vidole, akatoa elfu tano. "Basi na mablanketi utafua humo humo. Yako matatu."

"Nitafua."

"Na zulia."

"Na zulia, dada."

Saa mbili na dakika kumi usiku huo ada ilikuwa imelipwa kwa simu. Jibu likaja: *Umekamilisha. Hongera.* Kifungua mimba akalisoma kwa sauti ya mtangazaji, wadogo zake wakapiga makofi, na baba yao akasimama akainama kama mtu aliyepewa zawadi jukwaani. Akakaa kuandika andalio la somo la kesho. Akaandika mistari minne. Kisha akasema, "Mama watoto, hebu angalia, nani ameingiza moshi humu?"

Hapakuwa na moshi.

Baada ya nusu saa alikuwa amelala chali, mikono usoni, akilia machozi ambayo si ya kulia. Alisema ni kama mtu amemtia konzi ya mchanga kila jicho kisha anaupekecha. Yeye mwenyewe alijua ni nini. Kila fundi wa kuchomelea anaujua ugonjwa huo, na anajua kwamba hauna dawa ila giza, kitambaa cha maji baridi na siku mbili. Mke akachukua viazi vitatu vilivyokuwepo, viwili vya kupika, kimoja akakikata vipande akamwekea machoni, kama wanavyofanya mafundi wote.

"Siku mbili," mke akasema.

"Sina siku mbili. Nina mpaka saa nne."

"Mwambie mkaguzi unaumwa."

"Nikimwambia ataandika sikufika. Asiyefika anarudia mwakani na kulipa tena. Umesahau?"

"Uliambiwa hivyo?"

"Imeandikwa, ukurasa wa ada. Asiyefika hulipa."

Kifungua mimba akachukua daftari la baba yake akamalizia andalio la somo, baba anamtajia akiwa na viazi machoni. Msichana alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wake.

Asubuhi mke alimshika mkono akampeleka. Macho yalikuwa mekundu kama nyanya, yamevimba, yanafunguka kidogo tu kisha yanajifunga yenyewe. Njiani watu waliwapisha. Mlevi mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani akamsalimia Fundi kama mwenzake. Hatua ishirini kabla ya geti la shule Fundi akasema, "Niachie hapa." Akajivuta shati, akatembea peke yake, mkono mmoja ukigusa ukuta kwa siri. Mke hakuondoka. Alizunguka nyuma ya darasa la tano, akasimama chini ya dirisha.

Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye viatu vya kufungwa kamba na fomu zenye karatasi ya kunakili. Akakaa dawati la nyuma.

"Mwalimu, macho yako vipi?"

"Vumbi tu, mama. Tuendelee."

Mkaguzi alimtazama, akavuta pumzi ya pua, kwa kunusa. Hakusikia harufu ya pombe. Akafungua kalamu.

Na mke aliniambia, hapo sauti yake ikapanda: alifundisha! Somo lilikuwa kujumlisha sehemu, nusu na robo na thumni, na hayo Fundi aliyajua toka kwenye vyuma, hakuhitaji kuona. Aligeuka akaandika ubaoni, na watoto wakaanza kucheka.

"Mwalimu Cheche, umeandika juu ya tarehe!"

"Nimeandika juu ya tarehe?" akasema. "Basi leo tarehe tumeila. Nani anaweza kuniambia tumekula nusu au robo?"

Darasa likaangua kicheko, mikono ikapanda yote. Mvulana ambaye siku zote hulala dawati la mwisho aliinuka kujibu. Fundi alifundisha dakika thelathini, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kola, na hakuna mtoto aliyeyaona machozi, waliona sehemu. Nje, mke alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.

Kisha mkaguzi akasema, kama taratibu zinavyotaka, "Sasa sahihisha madaftari matano, hapa mbele yangu."

Akawekewa mezani. Fundi akafungua la kwanza, akalisogeza karibu na pua, akalisogeza mbali. Ilikuwa ukungu na mistari. Akachukua kalamu nyekundu. Watoto hawa anawajua, alijiambia, wameelewa. Akaweka vyema. La pili vyema. La tatu, la nne, la tano, vyema vyema, yote. Akayagawa. Msichana mmoja wa mbele akalitazama daftari lake, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nimekosa, mbona umenipa vyema?"

"Umekosa wapi?"

"Nusu na robo nimeandika mbili juu ya sita."

Mkaguzi akaenda akalichukua daftari, akalisoma, akachukua na mengine manne. Mawili kati ya matano yalikuwa na makosa. Akarudi kwenye dawati la nyuma, na kalamu yake ikaandika muda mrefu.

Walizungumzia nje, kwenye korido, mke akiwa ameshajitokeza na kumshika mumewe mkono, kujificha kulikuwa hakuna maana tena.

"Kufundisha umepata vizuri," mkaguzi akasema. "Ubao umeharibu. Kusahihisha nimekupa sifuri, sikuwa na la kufanya. Jumla arobaini na sita. Kufaulu ni hamsini."

"Mama, naumwa. Ni mwanga wa kuchomelea. Siwezi hata kukuona unafananaje."

Mkaguzi akamsogelea, akamtazama macho kwa karibu, kama mzazi.

"Ee Mungu wangu. Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Ungeandika sikufika, nilipe tena mwakani."

"Nani kakudanganya? Asiyefika bila sababu ndiye hulipa. Mgonjwa mwenye karatasi ya daktari anakaguliwa tena baada ya mwezi, bure. Imo kwenye kitabu cha taratibu, ukurasa wa tisa."

Mke ndiye aliyejibu, na alijibu akitazama sakafu: kitabu mumewe hakukinunua, bei ilikuwa ya siku mbili za chakula. Aliazima cha mwenzake, akatoa nakala kurasa nne tu, zile zinazotaja ada, kwa kuwa kila ukurasa ulikuwa unalipiwa.

"Basi futa, mama," mke akasema. "Andika anaumwa. Zahanati ni hapo, dakika kumi karatasi unayo."

Mkaguzi akaifunua fomu. Nakala tatu, nyeupe, ya manjano na ya waridi, wino umeshapita zote, na mwalimu mkuu ameshatia sahihi. "Mtu akishasimama mbele ya darasa, amekaguliwa," akasema. "Laiti ungeniambia kabla sijaweka kalamu. Hata kwa kuninong'oneza." Akatafuta ndani ya mkoba wake, akatoa kitambaa safi, akampa mke. Ndicho alichokuwa nacho.

Wakarudi nyumbani. Wakaziba dirisha kwa kanga. Mchana kutwa Fundi alilala na kitambaa cha mkaguzi machoni, mke akafua mablanketi matatu na zulia la yule mama.

Jioni Bomba alikuja kuchukua kofia yake. Alipomwona Fundi, utani ukamkauka mdomoni. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ni mimi niliyekwambia ushikize bila kofia."

"Miaka kumi na minane ninashikiza. Ningekwambia wewe maneno yale yale."

"Wamesemaje?"

"Mwakani. Elfu sitini nyingine, kwanza."

Bomba akakuna goti. "Nina mageti manne ya mtu. Ukipona, Alhamisi, njoo. Siwezi kukulipa kama fundi, ninao vibarua watanielewa vibaya. Kwa siku, kama wao."

Mke alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria. Mwiko ukasimama.

"Na shule?" akauliza. "Bado wiki mbili za mazoezi."

"Mazoezi yameshapewa alama," Fundi akasema. Kisha, upande wa Bomba: "Alhamisi nitakuja. Lakini kofia iwepo."

"Itakuwepo."

Bomba alipoondoka hakuichukua kofia. Aliiacha mlangoni, na hapakuwa na mtu wa kumkimbilia.

Walikula mapema, ugali na hivyo viazi viwili. Kitinda mimba akauliza, "Baba, kesho hufundishi?" Dada yake akamziba mdomo kwa kiganja. Wakatandika chini, wakalala mmoja mmoja, mdogo kwanza. Kifungua mimba alikaa kidogo na daftari lile la andalio la somo, akalifunga, akaliweka chini ya mto wake, akalala.

Mke alikaa kitandani pembeni ya mumewe, akilowesha kitambaa kwenye bakuli, akikamua, akikiweka.

"Hesabu nimeshaipanga kichwani," akasema. "Nikipata nyumba mbili zaidi za kufulia, mpaka mwezi wa sita..."

"Usihesabu sasa."

"Nisipohesabu mimi nani atahesabu?"

"Usihesabu sasa, mama watoto. Nakuomba."

Mke akarudi kwenye bakuli. Akalowesha, akakamua. Mikono yake ilikuwa imekunjamana vidole kwa sabuni ya zulia. Baada ya muda kitambaa kikakaa, mkono ukakaa juu yake, na haukuinuka tena.

Fundi akauhisi uzito wa ule mkono.

"Umezima taa?" akauliza.

Umeme ule ni wa kulipia kabla, na uliobaki ulikuwa wa siku moja na nusu. Hakujibiwa. Akajaribu kufungua jicho moja aone, uchungu ukamrudisha. Angeweza kuinuka akapapasa ukuta mpaka kwenye swichi, lakini mkono wa mkewe ulikuwa usoni kwake, na mke huyo hakuwa amelala tangu Jumamosi.

"Umezima?" akauliza tena, kwa sauti ndogo, akasikiliza pumzi nne za watu wake. Akazihesabu, zilitimia. Basi akauacha mkono pale ulipo, na taa, kama inawaka, iendelee kuwaka, na hatimaye naye akalala.